Shikamoo ya Dada Salima

Ihanja, Jumamosi, 1975

Mpendwa Tatu, wasomee na wenzetu,

Leo nimepewa shikamoo na mtu ambaye mimi ndiye ninayepaswa kumwamkia.

Nilikuwa kisimani, kijiji cha jirani. Akaja mama mmoja na ndoo, mashavu laini kama ya msichana. Akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Kisha tukatazamana.

Alikuwa Dada Salima! Yule aliyenitangulia madarasa matatu shuleni. Hatukuwa tumeonana tangu tuhamie vijiji vya ujamaa. Aibu ikanishika: nimemwitikia mkubwa wangu marahaba!

"Uwii, mdogo wangu, ndiyo umezeeka hivi? Unakula nini?"

"Ugali na chumvi."

Nikamweleza kwamba tangu mume wangu afariki, kuchuma mboga kwa ajili ya kinywa kimoja naona kazi bure.

Hakunipa pole.

"Hata mimi ni mjane, mwaka wa nne sasa. Unadhani ngozi hii naipaka nini? Nailisha. Twende."

Kwake akanipikia mlenda wa karanga, akaweka maziwa mgando na papai. Mvuke ukapanda polepole kwenye mwanga wa dirishani. Kwa kitambo nikamwona marehemu mume wangu ameketi mbele yangu, akizungusha tonge ili mlenda ukatike, kama alivyozoea.

Sikuogopa. Nikala mpaka bakuli likawa tupu.

Jioni hii nimechuma majani ya kunde, ya mtu mmoja. Yanachemka jikoni ninapoandika.

Niambieni, nicheke au nilie?

Nanyi mkiketi kula, mnikumbuke.