Mlio wa Bomba

Mwaka 1974, katika kijiji kimoja juu ya Gare, watu walitaka kulifufua bomba la maji la zamani, lakini hakuna aliyekumbuka lilifukiwa wapi.

"Limepita kwenye maharage ya Yudith," Mwenyekiti akakata shauri. "Chimbeni hapo."

Maharage yale ndiyo chakula cha watoto wake sita. Yudith akamsihi fundi wa maji amwachie ajaribu kile chombo chake kinacholia kikipita juu ya chuma.

Kikalia. Wakachimba, wakapata kifuniko cha kopo. Kikalia tena: msumari.

"Mama Eliasafi, endelea, utatupatia na sufuria!" wanawake wakamtania Yudith, wakicheka hadi wakakaa chini.

Yudith naye akacheka, huku akitega sikio. Vitu vidogo vililia mara moja vikanyamaza, kama mtoto anayedeka. Bomba refu lingelia mfululizo. Akatembea taratibu mpaka akapata mlio usiokatika. Ukaambaa pembeni mwa maharage, ukavuka njia, ukaingia katikati ya kabichi za Mwenyekiti.

"Chombo kimeharibika hicho," Mwenyekiti akasema.

"Shikamoo, Mwenyekiti," Yudith akajibu, miguu ikitaka kucheza yenyewe. "Tuanze na kabichi ipi?"