Kola ya Drafti

Kadi iliyofungwa kwenye bando la mashati ilisema CHECK COLLAR. Nikacheki kola. Nilizitazama moja moja zile nyeupe zilizokuwa mezani, ncha na mishono, nikaona ziko sawa, nikaanza kuzishona kwenye mashati. Kufika saa ya chakula nilikuwa nimemaliza bando zima.

Msimamizi wa laini yetu pale kiwandani akaja, akainua shati moja.

"Kola ya drafti iko wapi?"

Ilikuwa chini ya meza, kwenye mfuko ambao sikuufungua. Kola za miraba ya buluu. Hizo ndizo check.

"Mama, hujui kusoma?"

"Nimesoma," nikamwambia. "Ndiyo nikacheki."

Laini nzima ilicheka. Mimi nilifumua mishono hadi jioni. Kabla sijatoka msimamizi aliniambia kwamba kontrakti zetu zinaisha mwezi huu, na nikirudia kosa kama hilo nisitafute jina langu kwenye orodha ya watakaoongezewa.

Niliacha shule darasa la saba, mwaka tuliomzika mama. Baba alikuwa ametangulia. Mdogo wangu wakati huo alikuwa bado anabebwa mgongoni. Sasa yuko kidato cha tatu, anakaa Mumbuni kwa shangazi, na karo yake inatoka kwenye mashati hayo. Mimi nimepanga chumba Athi River na kila Jumamosi narudi huko nyumbani, miguu ikiwa imevimba.

Jumamosi hiyo nilimweleza nikiwa nimelala kwenye kochi. Alicheka kwanza, halafu akaleta daftari.

"Dada, neno la Kiingereza halikai mahali pamoja. Check ni kitenzi, check ni nomino. Hata button. Kifungo ni button, kufunga kifungo ni button."

"Sasa mtu atajuaje?"

"Angalia neno la mbele yake. Ukiona the, hicho ni kitu."

"Kwenye kadi hawaandiki the. Wanabana nafasi."

"Basi uliza."

"Wewe hujawahi kusimamisha laini."

Kwa lugha yetu mambo haya hayasumbui. Pasi ni pasi, na ukitaka kuitumia, unapiga pasi. Hakuna atakayeona neno pasi akafikiri ametumwa kupiga. Nililala nikiwaza hayo, nikasinzia kabla ya chai.

Wiki iliyofuata kadi ikaja: TRIM CUFF. Trim niliijua, ni kukata nyuzi zilizobaki. Nikashika mkasi. Kisha nikakumbuka mfuko, nikainama. Kulikuwa na utepe mwembamba mweusi, umeviringwa vizuri. Huenda ulikuwa wa kazi hii, huenda umesahauliwa na zamu ya jana. Nikazima mashine, nikainua mkono. Kazi ikaanza kurundikana kwa mwanamke aliyekaa nyuma yangu.

"Unatuchelewesha, mama wa kucheki," akasema.

Msimamizi alisoma kadi. Akaigeuza, upande wa pili haukuwa na kitu. Akautazama utepe, akanitazama mimi.

"Ngoja," akasema, akaenda ofisini kuuliza.

Aliporudi alisema trim ni huo utepe, tuushone kwenye ukingo wa mkono wa shati. Akapita laini nzima akiwaambia wengine, na wawili walikuwa tayari wameshakata nyuzi na kupitisha kazi.

Mwisho wa mwezi jina langu lilikuwa kwenye orodha. Nilipeleka karatasi ya kontrakti mpya nyumbani, mdogo wangu akanisomea. Ya zamani ilikuwa ya miezi sita. Hii ni ya mitatu.

"Contract nayo ni kitenzi," akasema polepole.

"Maana yake?"

"Kusinyaa."

Nilimwomba kalamu. Nikatia sahihi pale aliponionyesha, nikamwambia alete daftari, tuendelee tulipoachia.