Kobe wa Bustani ya Songea

Baba hakuniagiza zawadi. Alisema tu, "Kaniangalie Diwani."

Diwani ni kobe. Zamani bustani ya mjini Songea ilikuwa na mabanda ya wanyama, na baba ndiye aliyewalisha. Mimi, mtoto mdogo, nilikuwa nikimpelekea Diwani majani ya kabichi. Baba alipohamishiwa Iringa alimwachia mwenzake, Mzee Komba, akaahidi kurudi kumchukua. Hakurudi. Sasa anaumwa, hatoki kitandani, na kila asubuhi humuulizia kobe huyo zaidi kuliko anavyotuulizia sisi wanawe.

Alfajiri niliondoka Iringa. Njombe baridi ilinilazimisha kujifunga khanga mbili. Tulipopita Madaba moyo ulianza kunienda mbio, kwa sababu jibu lolote nitakalolipata, mimi ndiye wa kulipeleka.

Mchana nilikuwa bustanini. Banda la fisi limebaki nguzo. Bwawa la mamba limejaa mchanga, na vijana wameketi ukingoni wanachezea simu. Hapa Jumapili watu walikuja moja kwa moja kutoka misani, na nguo zao za kanisani, kumtazama chui ambaye muda wote alikuwa amelala. Nilitamani hata ile harufu ya nyani.

Jioni nilifika mtaa wa Mjimwema, kwa Mama Komba, mjane wa yule mwenzake baba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. We mtoto wa nani?"

Nilipojitaja alipiga makofi. "Haa! Wahehe wameingia! Fungieni mbwa ndani jamani, wasije wakaliwa!"

Sisi Wahehe husingiziwa kula mbwa, na Wangoni ni watani wetu, hututukana kwa mzaha hata msibani, basi nikacheka, nikakaribishwa ugali. Tulipomaliza kula nikamuuliza habari za wanyama.

"Chakula chao kilishindikana," alisema. "Chui akapelekwa mbali, nyani wakafuata, fisi akazeekea hapahapa. Diwani akabaki kwetu, akanimalizia mchicha wote." Akasogeza sahani pembeni. "Amekufa masika haya, mwanangu."

Nililia. Nikamwambia nitamdanganya baba kwamba kobe hajambo, maana ukweli utamuua.

"Mgonjwa hadanganywi. Mpigie simu, unipe niongee naye. Hii kazi ya mtani."

Baba alipopokea tu, Mama Komba akapaza sauti: "We Mhehe! Kobe wako tumemla! Mgumu huyo, meno yamebaki mawili!"

Baba alicheka. Sikuwa nimekisikia kicheko hicho tangu augue. Kisha akaelewa kwamba kobe amekufa.

"Mmemlaza wapi?" aliuliza taratibu.

"Nyuma ya migomba. Mzee Komba alishatangulia, kwa hiyo kobe nilimchimbia mwenyewe."

"Asante, mtani."

Niliporudi Iringa nilimkuta baba ameketi, amekunywa uji. Nimejifunza kwamba kuna habari mtoto hawezi kuifikisha kwa mzazi wake, na mtani akaifikisha. Nilimsimulia mabanda, bwawa na vijana wa simu. Alisikiliza yote, akanishika mkono.

"Siku yangu ikifika," alisema, "mpigieni yule Mngoni. Aje anitukane."