Uvamizi kwa Huyu, Ukombozi kwa Yule

Juzi kwenye televisheni mheshimiwa mmoja alilaani jeshi la kigeni lililoingia nchi ya watu. Jeshi jingine lilipofanya vilevile mwaka jana, huyohuyo alipongeza. Nilizima kwa hasira, nikamkumbuka Mama Mkubwa, dada yake mama, aliyekaa nasi Temeke.

Alasiri moja, nikiwa mtoto, alikuwa anakaanga vitumbua, uani kunanukia iliki. Redio ikatangaza kwamba Wamarekani wameanza kuipiga Iraki kwa mabomu. Baba akafoka, "Huu ni uvamizi!" Lakini Iraki ilipoiingia Kuweti miezi michache nyuma, alishangilia na kusema ni ukombozi. Mie nilidhani ukombozi ni vita visivyoua mtu.

Nikauliza, "Mama Mkubwa, kwani Baba Mkubwa alikufa kwenye uvamizi au ukombozi?"

Mumewe alikuwa askari; alikwenda vita vya Uganda, hakurudi. Mama Mkubwa akaacha vitumbua, akamgeukia Baba.

"Shemeji, mtoto kauliza. Mjibu," alisema.

"Vile vilikuwa ukombozi," Baba akajibu. "Sie tulivamiwa kwanza."

"Na Wakuweti hawakuvamiwa? Mbona uliwashangilia waliowavamia? Laani vita, shemeji, sikukatazi. Ila laana yako iwe moja kwa wote. Mie najua mjane anavyolia, awe wa Kuweti au wa Iraki."

Akainuka, akazima redio, akarudi kwenye vitumbua vyake.

Baba hakuiwasha tena siku ile.