Bia Nyeusi ya Baba

Baba alipoacha hata uji, mimi nilianza kuchagua bia. Nichekeni mkitaka. Ujanani alimpikia mzungu mwenye shamba nje ya Kitale, na huko alionja bia nyeusi ambayo tajiri wake alijitengenezea. Sasa, akiwa hoi kitandani kijijini kwetu Matulo, hakutaka kingine kabla ya kwenda.

Mimi hupika bia nyumbani kwangu Kitale, kwa kujifurahisha tu. Bia za Kiingereza nyingi hazikawii kuiva, lakini ile ya rangi ya shaba ni chungu mno kwa koo lililochubuka. Porta ni nyeusi, ila hunoga ikikaa miezi, na miezi sikuwa nayo. Nikachagua maildi, nyeusi pia lakini laini: kimea kilichokaangwa, kilevi kidogo, wiki mbili tatu inanyweka. Kila asubuhi niliinamia ndoo nikiifokea hamira, "Harakisha bana!" Kila simu ilipolia, nilitazama kwanza kama imetoka Matulo.

Povu lilipotulia tu, niliipeleka Matulo, ikiwa bado na ukungu. Wifi yangu, aliyekuwa akimuuguza, alinipokea mlangoni akinong'ona.

"Ati anaongea na watu tangu jana. Si utaona mwenyewe."

Kwetu pombe hunywewa katika chungu kimoja, watu wakikizunguka, kila mtu na mrija wake mrefu. Baba akataka bia imiminwe chunguni kando ya kitanda.

"Leta mirija nne. Ndugu zangu wamefika."

Kaka zake watatu tuliwazika zamani. Nikaipanga mirija, nikimwonea huruma.

Akavuta kidogo, akafumba macho. "Ndiyo hii," akasema. Nililia kwa furaha. Kisha akauachia mrija wake, na bia ikaendelea kupungua. Jua la mchana lilikuwa limejaa chumbani, hakuna kilichofichika. Ile mirija mitatu mingine ilikuwa ikitikisika polepole, na povu likishuka ndani ya chungu. Wifi alirudi nyuma mpaka ukutani.

Nami nilijivuta nyuma. Lakini nilikuwa nimetamani mno kunywa na baba yangu, nikatumbukiza mrija wangu, wa tano. Mkono wake, ambao hata kikombe ulishindwa kuinua, ukanikamata kwa nguvu.

"Wewe mama, toa hiyo yako. Hii chungu ni ya wenye wanaenda."

Nikautoa. Nikakaa sakafuni, nikamtazama akinywa na ndugu zake mpaka chungu kikakauka. Sijawahi kuwaonea watu wivu namna ile.