Tulivyolipima Gari la Mutanu

Nikisema nilichaguliwa kwa sababu ya akili zangu nitakuwa nadanganya. Mutanu alinichagua kwa sababu ya uzito. Alitukuta tukipalilia kunde za Mwongeli, akasimama juu ya tuta, akatupima kwa macho kama mtu aliyekuja kununua ng'ombe, kisha akasema, "Kaveke, wewe lazima ukuje. Mwongeli pia. Nataka gari ya kuwabeba nyinyi mpaka juu mlimani bila kulia."

Sisi ni mwethya. Kwa asiyejua, hilo ni kundi la majirani wanaolimiana mashamba kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu, na chakula cha mchana ni juu ya mwenye shamba. Tumechimbiana matuta, tumejengeana vyoo, tumezikiana watu wetu. Lakini kupima gari kwa miili yetu, hiyo kazi ilikuwa mpya.

Mutanu ni muuguzi katika kituo cha afya huko Emali, chini kwenye barabara kuu ya Mombasa. Ana miaka hamsini na kidogo, ni mwembamba, mwendo wake wa haraka na mdomo wake wa haraka zaidi. Akimdunga mtoto sindano humwimbia, na huimba vibaya kiasi kwamba mtoto husahau sindano akabaki kuishangaa ile sauti. Siku za kazi alikuwa analala kwenye chumba cha kupanga hukohuko Emali, na nyumbani, huku mlimani Kilungu, alikuwa akija wikendi tu.

Mama yake, Susu Muthoki (susu kwetu ni nyanya), ni jirani yangu. Anaishi peke yake na kuku wake. Mvua zilipoanza aliteleza shambani, akalala katikati ya mahindi mpaka nilipomkuta jioni, akiwa amelowa na bado ananikaripia eti nimekanyaga mche wa boga. Hakuvunjika popote. Lakini mwanawe mkubwa, Kivuva, anayefanya kazi Nairobi, alisema imetosha. Mama atahamia kwake, kwenye ghorofa.

Kivuva si mtu mbaya, hilo niliseme mapema. Anampenda mama yake. Ana hofu tu, na hofu ya mtu mwenye pesa huwa haina subira. Alisema Jumamosi ya mwisho wa mwezi anakuja kumchukua, isipokuwa apatikane mtu wa kulala na mama kila usiku.

"Nitalala na yeye mimi," Mutanu akasema.

"Na asubuhi utafika Emali aje?" Kivuva akamuuliza. " Jioni ukitoka kazi, gari za kupanda huku zimeisha."

"Nitanunua yangu."

Susu Muthoki mwenyewe aliinamia maharagwe yake. Mama huyo atabishana na pasta, atabishana na chifu, lakini hajui kubishana na watoto wake kuhusu maisha yake mwenyewe. Aliendelea kuchambua. Aliyelia ni mimi, nyuma ya jiko, kwa sababu nilijua huko Nairobi angenyauka.

Habari ikaenea kwamba Mutanu anatafuta gari, na kila mtu akawa mtaalamu. Mwenye Vitz alisema Vitz, mwenye Demio alisema Demio. Shemasi wa kanisa letu, ambaye hana hata baiskeli, alisema achukue pikapu. Mutanu aliwasikiliza wote kwa heshima na hakumfuata hata mmoja. Akiba yake ya sacco ilitosha gari dogo lililokwisha kutumika. Alitaka lisiwe mlevi wa mafuta, maana litatembea kila siku ya kazi. Alitaka lisipeperuke likipitwa na lori. Na baada ya kuiacha barabara kuu, pale kwenye mji mdogo wa Salama, lazima liwe na nguvu ya kupanda hadi kwetu. Leseni alikuwa nayo tangu zamani, na kila Jumamosi alikuwa akifanya mazoezi kwa gari la pasta kwenye uwanja wa kanisa.

Gari la kwanza tulilikuta kwenye yadi moja upande wa Machakos. Lilikuwa jekundu, linang'aa kama tofaa la supamaketi. Nilimwona Mutanu akilitazama nikajua tumekwisha. Muuzaji alikuwa kijana wa maneno mengi.

"Hii ni chuma, mathe. Ilikuwa ya daktari, kanisa na nyumbani tu. Hata sasa hivi haijawashwa tangu jana. Washa uone."

Tulikuwa tumefika asubuhi na mapema makusudi, kwa sababu fundi wetu wa Nunguni alitwambia injini husema ukweli ikiwa baridi. Nikaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa na joto kama sufuria ya chai iliyoepuliwa.

"Tangu jana?" nikamuuliza.

"Ni jua, mathe."

Jua lenyewe lilikuwa bado nyuma ya mlima! Mimi hasira zangu haziko mbali, Mwongeli akanishika kanga. Lakini Mutanu alishapenda ule wekundu, akasema si vibaya tulijaribu. Tukajipakia, muuzaji mbele na sisi wawili nyuma, na gunia la mahindi tulilokuja nalo kuongeza uzito likawekwa kwenye buti. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri tu. Tulipoanza kupanda, likaanza kulalamika. Mutanu akapunguza gia, likalalamika zaidi, na mwenye mkokoteni wa punda aliyekuwa mbele yetu akazidi kutuacha.

Muuzaji akageuka kututazama. "Shida si gari. Shida ni hawa abiria."

Sitaandika nilichomjibu. Mimi ni mshiriki wa kanisa.

Mutanu alirudi nyumbani amenuna. Wiki zilikuwa zinayeyuka, na Kivuva alikuwa ameshanunua kitanda cha mama. Nilimwambia maneno ambayo hakuyapenda: "Unachagua gari ya harusi ama ya kazi?" Hakunisemesha hadi siku ya pili yake, alipokuja na kopo la chai na simu mkononi. Mtu wa Kitui alikuwa anauza gari la mkewe.

Mtu huyo aliitwa Fahim, ana duka la vipuri Kitui mjini. Mkewe alijifungua mapacha na sasa walihitaji gari kubwa. Mutanu alimwambia kwenye simu kwamba gari linaletwa Salama, chini ya mlima wetu, ama asahau. Wauzaji wengine walikuwa wamemkatia simu. Fahim alicheka, akasema atakuja.

Akaja. Gari lilikuwa na rangi ya uji wa wimbi, halina sura kabisa. Fahim alishuka, akaniamkia, "Shikamoo, mama," na kwa kuwa huku kwetu hatuzoei shikamoo nyingi, nilianza kumpenda hapohapo. Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kuona muuzaji akifanya. Akatuonyesha ubovu.

"Dirisha hili la nyuma halishuki. AC imekufa. Shoki za nyuma zimechoka, nitawawekea mpya kabla hamjalipa. Injini na gia sijawahi kuzifungua, na oili nimebadilisha kila wakati. Logbook ya umiliki iko kwa jina langu, muitafute kwa mtandao mhakikishe."

Mwongeli akaninong'oneza, "Huyu anaficha kitu kikubwa."

"Ama hafichi chochote," nikamjibu.

Tulijaza tangi mpaka shingoni pale Salama, tukajipakia sote na gunia letu, tukashika barabara kuu hadi Emali. Malori yalikuwa yamepangana, ya kwenda na ya kurudi. Kila lililotupita nilijishika, nikingoja kile kidude kiyumbe. Kilitikisika kidogo tu, kikashika njia yake. Mutanu alipotaka kulipita lori moja la mafuta, alingoja mpaka barabara mbele ikawa tupu, akakanyaga, na gari likaitika bila kuulizwa mara mbili. Usukani haukutetemeka.

Tukarudi Salama, tukajaza tena kwenye pampu ileile. Mafuta yaliingia kidogo, yakaanza kumwagika. Mwenye pampu akaigonga kwa mkono.

"Imeharibika hii?"

"Haijaharibika," Fahim akasema, na hapo ndipo alipojisifu kwa mara ya kwanza. "Hii gari ndio hainywi."

Ulibaki mlima. Tulipanda kona baada ya kona, na Mutanu akaanza kuimba. Nikajua limenunuliwa. Fundi wetu aliingia chini yake, akatoka na vumbi na hana la kusema, na kwa fundi hiyo ni sifa kubwa.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi Kivuva alifika na gari lake kubwa jeusi. Akalizunguka la dada yake, akapiga tairi teke.

"Hii ni gari ama ni kiatu?"

"Panda kwanza," Mutanu akamwambia.

Susu Muthoki alikuwa ametoka nyumbani amevaa gauni la Jumapili na kitambaa kichwani. Kabla hatujamwita, alikwenda akakaa kiti cha mbele cha lile dogo na kufunga mlango. Tukacheka, tukasema mama anapenda matembezi. Kivuva akamvuta dada yake kando.

"Twende Emali turudi, jioni hii hii na hayo malori. Nikiona uko sawa, nitanyamaza. Nikiona hapana, mama analala kwangu leo."

Mutanu aliitika kwa kichwa. Akaenda kukaa kwenye usukani.

Kivuva na mimi tulibanana nyuma, magoti yake yakikaribia kidevu. Kwenye barabara kuu Susu alianza kuomba kwa sauti, sala fupi kwa kila lori. Karibu na mji wa Sultan Hamud trela moja likatoka kulipita jingine, likatujia upande wetu, taa zimewaka. Kivuva alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Lakini Mutanu alikuwa amekwisha kuliona. Alishapunguza mwendo, akaingia pembeni ya barabara taratibu, akangoja, yakapita yote mawili, akarudi njiani. Hakupiga honi wala kumtukana mtu. Niliyetukana ni mimi.

Kivuva akaachia kiti. Tulifika Emali, tukageuza. Tukiwa tunarudi niligundua kwamba sala zimekwisha. Nikainama mbele kwa wasiwasi. Susu Muthoki alikuwa amelala, kichwa kimeegemea dirisha, anakoroma. Alilala tukaipita Salama, akalala kona zote za mlima, na gari likatupandisha bila kelele mpaka uani kwake. Mutanu akazima injini. Kiza kilikuwa kinaingia. Hakuna aliyethubutu kumuuliza Kivuva ameamua nini.

Mama akafumbua macho. Macho yake ya jioni hayaoni vizuri siku hizi. Akakaza kitambaa chake kichwani, akauliza polepole, "Tumefika Nairobi?"

Ndipo tulipoelewa. Gauni la Jumapili, kile kiti cha mbele, vyote. Alijua siku yake imefika, akavaa, akaingia mwenyewe kwenye gari la kwanza alilolikuta ili asiwape watoto wake taabu ya kumbembeleza. Machozi yalinitoka nikiwa nimebanwa palepale, wala sikuyafuta.

Kivuva alijisukuma kutoka kwenye kile kiti cha nyuma. Akashuka, akaenda kufungua mlango wa mbele, akachuchumaa.

"Aca, Mwaitu," alisema. "Hapana, mama. Tumefika kwako. Utabaki hapa na Mutanu."

Susu Muthoki alimtazama mwanawe, akaitazama nyumba, akapapasa mlango wa gari kama anayehakikisha.

"Kama ni kwangu," alisema, "mbona mnanikalisha hapa na kuku hawajafungiwa?"

Kivuva akaruka akaenda kuwafungia. Jogoo akamzungusha ghala na viatu vyake vya Nairobi, yeye akikimbia na kujifuta macho kwa mkono wa shati, na mama yake akimwelekeza kwa fimbo kutoka kwenye kiti cha gari, akimwambia kwamba anakimbia vibaya.