Chombo Kilichokataa Kusimama

Nakumbuka Jumapili moja nilivyomfukuza nyumbani rafiki pekee niliyekuwa naye, na silaha niliyotumia ilikuwa fizikia ya kidato cha tatu. Mwanangu, usicheke bado, kuna mengine.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kutoka mtaani kwetu Sekei kushuka mtaa wa Kijenge tu, kwangu ilikuwa safari ya kuaga watu. Kwa hiyo rafiki huyo, Loshiro, ndiye aliyepanda kutoka Lemara kila Jumapili baada ya ibada, tukacheza drafti kwa vizibo vya soda. Nikaona drafti imetuchosha, nikabuni vita vya angani: boksi nililolichora miraba, kila kizibo chombo cha kivita, na mshale wa kalamu juu yake kuonyesha pua.

Nilitaka ukweli mtupu. Angani hakuna hewa ya kukizuia chombo, basi ukishakisukuma, kila zamu kinakwenda vilevile mpaka ukisukume kurudi kwa nguvu ileile. Ukipiga risasi, bunduki inapata moto, unangoja zamu tatu ipoe. Hata kusema "puu!" nilipiga marufuku, maana sauti haisafiri huko.

Loshiro akasukuma chombo chake kwa furaha. Kikaenda. Kikaendelea kwenda. Kwa sheria zangu ikabidi akitoe nje ya boksi, akakiweka kando ya sahani ya maandazi. Cha pili kikakifuata. Saa nzima, hakuna risasi hata moja.

"Oya, nimekuja kupigana, sijaja kurudia kidato cha tatu."

Nami, nikidhani nimesema la maana, nikamjibu: "Fizikia ilikukataa shuleni, leo ndio ikupende?"

Akavaa kofia, akaondoka, chai yake haijaguswa. Huku kwetu mtu akiacha kikombe kimejaa, huulizi kama amekasirika.

Jumapili iliyofuata sikusikia hodi. Nikacheza peke yangu, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto, na yote miwili ikachoka.

Mama Eliya, jirani yangu mwenye duka, akaingia kurudisha ungo. Nikampa shikamoo, akaketi, akataka nimwelekeze mchezo. Akasukuma kizibo kimoja, akaniangalia.

"Nikikosea hapa, nitajua saa ngapi?"

"Baada ya zamu sita hivi, mama."

"Nitakuwa nimeshasahau nilikosea wapi."

Nikabaki na aibu yangu. Wiki nzima nilikuwa natetea ukweli ambao mchezaji hauoni. Nikaufuta ule moto wa bunduki. Ukingo wa boksi nikaufanya mlango: ukitokea huku, unaingilia kule. Kila zamu nikaweka punje ya maharage pale chombo kitakapofika, mtu alione kosa lake kabla halijamfikia. Na "puu" nikairuhusu. Ila jambo moja sikuligusa: chombo hakisimami ghafla.

Kisha nikashuka mwenyewe mpaka Lemara, boksi kwapani. Loshiro alipofungua mlango, akashtuka.

"Wewe? Lemara? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nilikudharau, ndugu yangu. Nisamehe."

Akanivutia kiti. Zamu ya tano akakiacha chombo chake kiteleze kunipita, akageuza pua kutazama nyuma huku kikizidi kwenda mbele, akanipiga. "Puuuu!" Mpaka majirani wakachungulia. Hila ile, mwanangu, ilitoka kwenye fizikia yangu mwenyewe, na mimi sikuwahi kuiwaza. Nilishindwa vibaya. Halafu akanimiminia chai, nikamaliza kikombe.

Basi wewe unayetengeneza vita vya angani kwenye kompyuta yako, usitupe ukweli wote, wala usiubebe wote. Shika ule unaompa mwenzako hila ya kujaribu, na umwonyeshe mapema unampeleka wapi. Unaomfanya angoje tu, uache kwenye daftari. Na akishindwa kucheza, kagua sheria zako kabla hujakagua akili yake. Mungu akupe subira ya kufuta, na rafiki anayerudi.

Loshiro alirudi Sekei Jumapili iliyofuata. Mama Eliya alipotukuta tunapigiana kelele, vikombe vitupu, akasimama mlangoni akanitazama mimi, si Loshiro:

"Mchezo ule wa kwanza ulikuwa mtihani, wewe ukamwalika mtu kama kwenye sherehe."